Vichekesho vya Bernice

Vichekesho vyote vya Mort Zelnik vilimhusu mkewe. Bernice hajui kupika, Bernice hajui kuendesha gari, Bernice kichwa maji. Cleveland nzima ilimjua huyo Bernice mjinga. Na Mort akimaliza tu neno la mwisho, Irv, kaka yake Bernice, anapiga ngoma nyuma yake: pa-pa, tsii! Hapo ndipo watu wanapojua pa kucheka.

Sisi wa kaunta ya klabu tulijua jambo jingine. Bernice ndiye aliyekuwa anavitunga. Anapiga pasi mashati ya mumewe huku anamwaga maneno, Mort anaokota. Hakuwahi kumtaja kuwa ndiye mtunzi.

Basi Bernice akafa. Mort akakaa matanga, vioo vya nyumba vimefunikwa kama ilivyo desturi kwao Wayahudi, kisha akarudi klabu kwa onyesho la watu wanaokula chakula cha jioni.

Irv akamkuta kwangu kaunta.

"Shemeji, leo waambie."

"Niwaambie nini?"

"Nani katunga. Usiposema, ngoma sipigi."

Mort akaangalia glasi yake. "Wakijua si vyangu, mimi n'takuwa nani, Irv? Muuza suti kama zamani?"

"Bora muuza suti. Suti angalau ina jina la fundi wake."

Mimi mtu wa mzaha, lakini hapo nikajitia nafuta kaunta iliyokwisha takata.

Mort akapanda jukwaani. "Jana Bernice kapika. Zimamoto wakaja, wakazima moto, wakaonja chakula, wakauwasha tena!"

Kimya. Irv kaweka vijiti mapajani. Uma zimening'inia hewani.

"Mpiga ngoma kalala?" jamaa mmoja akapaza sauti. "Mwamsheni bwana!"

"Kajifunza gari," Mort akaendelea, jasho linamtoka. "Mwalimu wake siku hizi anaogopa hata baiskeli."

Mtu akakohoa. Mort akageuka. Irv anamtazama tu, anangoja.

"Jamani," Mort akasema. "Hivi vichekesho situngi mimi. Vyote, tangu mwanzo, katunga Bernice. Kwetu mwenye akili ni yeye."

Ukumbi ukalipuka! Mama mmoja akawa anapiga meza. "Ati katunga Bernice! Uwii, mbavu zangu!"

"Si utani. Ananizidi akili."

Wakazidi kucheka. Miaka yote hiyo amewaambia Bernice hawezi hata kuchemsha maji. Leo nani amwamini?

Mort akafungua kinywa awaambie kwamba tumemzika. Nikamwona anakifumba taratibu, uso umemshuka. Nadhani aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba wangelicheka na hilo.

Irv hakupiga ngoma. Aliinuka, akamshika kiwiko.

"Twende, shemeji."

Wakashuka, watu wanapiga makofi.