Mota ya Mwisho Aliyoisuka

Cherehani yangu ilizima katikati ya sketi ya mteja, ikafuka moshi. Nilijua kabla sijaigusa. Mota imeungua, na aliyeisuka waya zake, mume wangu, tulimzika mwaka jana. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Aliifanya akiwa kitandani, mito miwili mgongoni, huku akinifokea nisimzibie mwanga.

Fundi wa mota aliyebaki mtaani ni yule ambaye mume wangu alimbandika jina la Jiko, eti kila anachotengeneza huishia kutoa moshi. Miaka yote wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Nilimpelekea shingo upande.

Aliifungua, akapitisha kidole juu ya uzi uliofunga zile waya, mafundo madogo yaliyopangwa kama vifungo vya shati.

"Hii mikono ya mzee," alisema.

"Ndiyo."

"Shemeji, zimeungua zote. Lazima nizikate, nisuke upya."

"Huwezi kuziacha hata chache?"

"Ningeweza ningekwambia. Pole sana."

"Basi nirudishie mota yangu."

Niliitia mkobani, nikafika mlangoni. Nyumbani nguo za watu zimerundikana, na wanangu wanakula kwa sindano hiyo. Nikarudi, nikaibwaga mezani kwa hasira, utadhani yeye ndiye aliyeiunguza.

"Kata," nilisema. "Ila ngoja kwanza nitoke nje."

Jioni alikuja kuifunga mwenyewe. Nilikanyaga pedali huku nikiomba, Mungu anisamehe, ifuke moshi. Ikwame, ipige kelele, nimcheke Jiko kwa niaba ya marehemu. Ikazunguka. Ilizunguka laini, bila kutetemeka, na kitambaa kikapita chini ya sindano vizuri kuliko kilivyowahi kupita enzi za mume wangu.

"Vipi, shemeji?"

Nilitaka kusema iko safi, machozi yakanitangulia.

"Alikuwa akisema hujui kazi," nilimwambia.

"Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo juu yake." Akakusanya bisibisi zake taratibu, naye macho yamemlowa. "Tulikuwa waongo wote wawili."

Alipoondoka niliimalizia ile sketi. Mshono ulinyooka mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa zamani, ningemficha mume wangu habari hiyo asije akanuna siku nzima. Sasa sikuwa na mtu wa kumficha.