Sharti la Kumi na Saba

Mama alikuwa amesubiri miezi mitano kutolewa mtoto wa jicho, na binti yake ndiye aliyetunza mfumo wa miadi wa hospitali hiyo hiyo. Ndiyo maana aliona aibu alipofungua orodha ya kesho, Alhamisi, akakuta jina la mama halimo. Jana lilikuwemo.

"Si wewe ndiye bosi wa hiyo kompyuta?" mama aliuliza kwenye simu. "Mwanangu, jicho la pili nalo linafifia."

"Nashughulikia, mama."

Akaingia ndani ya programu, kwenye masharti yanayoipangia kompyuta nani atibiwe lini. Sharti la kwanza liliwahamishia wazee foleni ya haraka. Vyema. La pili likawatoa humo mpaka daktari athibitishe. Haya. La tatu lilipeleka maombi kwa daktari mmoja tu, naye alistaafu mwaka juzi. La nne liliyafuta maombi yasiyojibiwa kwa siku tisa. La tano likayarudisha, ila si yote. Alipofika la kumi na sita kichwa kilikuwa kinamzunguka. Kila sharti peke yake lilikuwa na akili timamu; yakikaa pamoja, ni vurugu tupu.

Angeweza kulifuta la tatu. Lakini mkuu wao wa zamani aliwahi kufuta mstari ulioonekana hauna kazi, maabara ikasimama siku mbili. Tangu hapo ofisini kwao hakuna anayefuta. Kila mtu hupachika lake juu ya la mwenzake na kujiombea heri.

"Ukiligusa hilo, mimi sikuwepo," alisema jirani yake wa meza, waliyemwita Profesa kwa sababu hakuwahi kumaliza kueleza jambo lolote.

"Sasa humu kinachofanya kazi ni kipi?"

"Sijui. Na usiniulize tena."

Akaandika sharti la kumi na saba: mzee aliyekwama zaidi ya siku mia apewe nafasi ya kwanza. Jina la mama likaibuka, saa mbili asubuhi. Akashusha pumzi, akampigia. Mama alicheka kama msichana.

Alipokata tu, simu ya meza ikalia. Alikuwa mpokezi wa wagonjwa.

"Kuna bibi hapa dirishani. Alikuwa wa saa mbili kesho, sasa kompyuta inasema haimjui. Nimwambie nini?"

Binti akayatazama masharti yote kumi na saba. Hakujua bibi wa watu amepotelea katika lipi.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema, akaanza kuandika la kumi na nane.