Godoro Lisilo na Kosa

Fundi magodoro hakumkabidhi mteja godoro bila kulilalia kwanza. Alilala chali, macho darini, na mkewe, mshonaji wa mifuko ya magodoro, akahesabu mpaka mia. Fundi akiinuka bila kunung'unika, godoro limepita. Ndivyo walivyofanya kazi miaka ishirini na minane.

Asubuhi hiyo hesabu ilifika kumi na mbili tu, fundi akakurupuka akaketi, anatweta.

"Pamba mbovu hii," alisema. "Ina mabonge, inanibana. Fumua."

"Tumeshafumua mara tatu, baba watoto."

"Basi fumua ya nne!"

Mkewe akachukua mkasi, maana kwa ubishi mume wake hana mpinzani. Kisha akauweka chini, akalala yeye. Godoro lilikuwa laini, limekaa sawa, halina bonge hata moja. Akiwa pale chini, moyo ukamlipuka. Nyumbani mumewe alianza kuongeza mto mmoja, ikawa miwili, sasa minne, na lawama zote kwa godoro. Kikohozi alikisingizia vumbi la pamba. Viatu vilipogoma kuingia, akasema ngozi imesinyaa. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa yeye.

Mkewe alipiga magoti, akambonyeza mumewe kifundo cha mguu kilichovimba kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Unanipima viatu vipya?" fundi alitania, kikohozi kikamkata. Leso aliyojifutia ilibaki na povu la rangi ya waridi.

Hapo mama wa watu aliogopa. Akampigia jirani mwenye gari. Njiani fundi alitaka kujilaza kiti cha nyuma; mkewe akamkalisha wima, akamwegemeza begani, huku akikisikia kifua kikitokota kama birika.

"Usinifanyie hivyo," alimnong'oneza. "Usithubutu."

Hospitalini walimvalisha barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano. Daktari alimsikiliza mgongo kwa kipimo chake, akakunja uso.

"Mapafu yameingia maji. Moyo umechoka kusukuma damu. Mmewahi, lakini kwa tundu la sindano. Tangu lini anashindwa kulala bila kuongeza mito?"

"Wiki tatu," mke alijibu, aibu imemjaa.

Fundi akainua mkono. Vidole vitano.

"Wiki tano?" daktari aliuliza.

Fundi akatikisa kichwa kukataa. "Miezi," alisema ndani ya barakoa.

Mkewe akamgeukia. Miezi mitano amelala kando ya mtu anayezama, na mtu mwenyewe amenyamaza. Alitamani kumzaba kibao, alitamani kumkumbatia. Akaukamata ule mguu uliovimba kwa mikono miwili, na hata nesi alipomwomba asogee kidogo, hakuuachia.