Hewa ya Taqwa

Taqwa alizaliwa hatoki jasho. Mama yake, Nabilah, hakulijua hilo mpaka mtoto alipotimiza mwaka, baada ya homa nyingi zilizotibiwa kama malaria ilhali kila kipimo kilionyesha hana. Daktari mmoja ndiye aliyezitazama nywele zake chache na meno yake yaliyochongoka, akaeleza kwamba ngozi yake haina vitundu vya kutosha vya kutolea jasho. Dawa ya kuvileta haikuwepo. Kilichohitajika ni mtoto kukaa mahali pa baridi.

Ndiyo maana katika fleti yao ya Bugolobi, mtaa ulio karibu na viwanda, palikuwa na mashine ya kupoza hewa, ile ya kutiwa maji. Pampu ndogo hupandisha maji na kuyamwagia pedi nene zilizo nyuma, na feni huvuta hewa kupitia pedi hizo zilizolowa. Nabilah aliinunua sokoni Kikuubo, dukani kwa Hajati Zahara, mama wa makamo ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani wasirudi tena.

Jumatatu moja ya Februari, Taqwa, ambaye sasa ana miaka saba, alirudi kutoka shule saa nane mchana, uso umemwiva. Nabilah akawasha mashine. Feni ilizunguka vizuri, lakini hewa iliyotoka ilikuwa kama ya mdomo wa tanuri. Alimvua mtoto sare, akamfunika shuka iliyolowa, akampima joto: nyuzi thelathini na nane na nusu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ikifika thelathini na tisa, au mtoto akianza kusinzia, asingoje, ampeleke hospitali.

Mumewe, Yasiin, alikuwa njiani na lori kuelekea Juba, simu yake haipatikani. Fundi wa mtaani alijibu kwamba angeweza kuja kesho. Alipokosa mwingine, Nabilah alimpigia Hajati Zahara, akamweleza yote. Alitarajia kuambiwa tu ailete mashine dukani.

Hajati hakusema hivyo. Alimwuliza kwanza mtoto yukoje, kisha akamwambia aitoe plagi ukutani kabla hajagusa chochote. Akauliza kama maji yamo kwenye tangi. Yalikuwemo. Je, pampu ilikuwa ikivuma? Nabilah akakumbuka kwamba alisikia sauti ya feni peke yake.

"Basi mashine haijafa," Hajati akasema. "Chukua bisibisi, fungua kifuniko cha nyuma. Mimi nipo, sikati simu."

Kulikuwa na skrubu sita. Ya tatu ilimponyoka ikaingia chini ya kitanda. Aliiacha huko. Pedi zilikuwa kavu, zimeshika ukoga mweupe mgumu kama chokaa. Hajati akataka kujua ni maji gani aliyokuwa akitia. Nabilah akaeleza kwamba bomba lilikauka majuma matatu, wakawa wanatumia maji ya kisima. Hapo Hajati akamwelekeza aichomoe pampu chini ya tangi, afungue kichujio chake, na akisugue kwa mswaki wa zamani na siki. Ndani ya pampu, kwenye kipangaboi kinachosukuma maji, alikuta ute wa kijani na uzi mrefu uliojizungusha mara nyingi. Aliuvuta wote ukatoka.

Alirudisha kila kitu, akakausha mikono, akachomeka plagi. Pampu ikaanza kuvuma. Baada ya dakika chache pedi zililowa toka juu mpaka chini, na Nabilah akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini chumba hakikupoa. Kilikuwa kizito, chenye unyevu, na Taqwa alilalamika kwamba hapumui vizuri. Kipimo kikasoma thelathini na nane na pointi nane.

Alipomweleza Hajati, sauti ya mwanamume ikasikika simuni, kutoka huko dukani, nzito na ya taratibu. "Muulize huyo mama, dirisha iko wazi?"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nabilah alikuwa akilifunga siku hizo za kiangazi kwa sababu ya vumbi la viwandani, na kwa kudhani baridi ingetoroka. Akalifungua lote, na mlango pia. Hewa nzito ikaanza kutoka, ya baridi ikachukua nafasi yake. Baada ya nusu saa kipimo kilisoma thelathini na saba na nusu, na Taqwa akaomba juisi. Nabilah aliketi sakafuni karibu na mashine, akalia kidogo. Simu bado ilikuwa wazi.

Alhamisi alikwenda Kikuubo na kawa ya kufunikia chakula aliyoisuka mwenyewe kwa rangi nyekundu na njano, kama wasukavyo Wanubi wa kwao Bombo. Muuzaji wa dukani alimsimulia kwamba siku ile Hajati alizungumza kwenye simu zaidi ya saa nzima, wateja wamepanga foleni mpaka nje. Wengine waliondoka. Wengine walingoja kusikia kama mtoto amepona.

Hajati aliipokea kawa kwa mikono miwili. "Mwanangu, mimi nilijua pampu tu," alisema. "La dirisha mshukuru Mzee Odyek. Alikuja kununua feni, akangoja hadi mwisho."

Alimpigia papo hapo na kumpa Nabilah simu. Odyek alikuwa askari magereza mstaafu, anaishi Luzira. Nabilah alimwambia kwamba mtoto amerudi shule, kwamba anamwombea dua kila swala, na kwamba hajui amlipe nini.

"Usilipe kitu, mama," alijibu mzee. "Mimi nililinda watu miaka thelathini, ndani ya vyumba yenye dirisha ndogo. Hewa ya kufungiwa naijua." Kisha akauliza mtoto anaitwa nani, ili naye amwombee.