Blanketi la Mzee Mwangangi

Jumatatu saa nne asubuhi Katunge alibandika karatasi kwenye geti lake huko Ngoingwa: LETE TISHETI ZAKO ZA ZAMANI TUKUSHONEE BLANKETI. Kabla gundi haijakauka, mteja wa kwanza akabisha hodi. Katunge nusura amkumbatie.

Alikuwa Mzee Mwangangi, na gunia lenye tisheti kumi na tisa. Kiwanda cha sabuni kule Ruiru kilimpa moja kila Disemba, imeandikwa SISI NI FAMILIA. Mwaka wa ishirini kilimwachisha kazi bila barua wala kiinua mgongo, kwa kuwa kwenye faili yeye ni kibarua wa siku moja.

"Nishonee, Mama Janice," akasema. "Watoto wajue nilikuwa mtu wa kazi. Na mikono mbili usikate. Hiyo ndiyo ilifanya kazi."

Katunge alishona wiki nzima akiimba nyimbo za kwaya, furaha imempanda kichwani, hata ugali ukaungua mara mbili. Jumatatu alfajiri alikata uzi wa mwisho. Blanketi likajikung'uta, likashuka mezani, likatoka nje kusimamisha boda boda.

"Ai! Na sijakupiga pasi!" Katunge akalifokea. Mali ya mteja wa kwanza ikipotea hivyo hivyo, si biashara imekufa? Akampigia Mzee simu, wakalifuata mpaka Ruiru.

Walilikuta kwenye mashine namba nne, Mzee alikosimama miaka yote, likifunga sabuni kwa mikono yake miwili. Msimamizi, Bwana Kinuthia, alilisifu sana. Haliombi ruhusa, akasema, wala haliendi chooni. Kufikia Ijumaa lilikuwa limeandikwa kazi ya kudumu, na bima ya matibabu juu.

"Na mimi?" Mzee akauliza.

"Wewe tunakutafuta kwenye faili."

Habari zilienea, na geti la Katunge likajaa watu na magunia. Wee, alicheka mpaka mbavu zikamuuma! Blanketi la kwaya liliimba kila lilipoanikwa, sauti ya tatu ikichelewa kama kawaida. La mteja mwingine, Waithira, la tisheti za kampeni, liliahidi kuamka Jumatatu, na halijaamka mpaka leo.

Disemba Mzee alirudi, amelibeba blanketi lake begani. Kiwanda kilikuwa kimelipatia blanketi tisheti ya mwaka, na alitaka iongezwe pembeni.

"Na barua yako, Mzee?"

"Bado wanatafuta."

Kicheko kikamkauka Katunge. Alimwonea uchungu, akachukua mkasi. Mzee akamshika mkono.

"Pole pole, Mama Janice. Limelala. Kesho liko kazini alfajiri, na huo uchovu naujua."

Katunge akaiacha cherehani, akashona kwa mkono.