Mla-Upepo Kwenye Kikombe

Mume wangu akipenda kitu hapendi nusu nusu. Safari hii kapenda watu waliokonda. Si mimi, mimi nashukuru Mungu nimejaa. Kapenda watawa wa kale, wale waliokimbilia mapangoni wakajinyima kila kitu hadi wakabaki ngozi na mifupa. Aliwakuta kwenye kitabu chakavu, michoro iliyochongwa zamani juu ya bamba la shaba na kupigwa chapa, kila ubavu na mstari wake.

Sisi kazi yetu ni kuchapa picha kwenye zawadi: vikombe, mito, aproni. Watu wanataka maua na sura za maharusi. Yeye akawachapa watawa. Tena kwenye aproni ya jikoni, jamani, mtu aliyefunga! Nikamwambia, "Msanii, nani atamnunulia mchumba wake mbavu?" Akasema sina jicho la sanaa. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikawabandika jina, Mla-Upepo na wenzake, nao wakakaa rafuni wakitukodolea macho.

Hayo ningeyavumilia. Kilichoninyima usingizi ni mama mkwe. Tangu baba mkwe afariki, mama alihamia kwetu na chakula akakiacha. Wala hakugoma. Anashukuru vizuri, anaonja kijiko, anasukuma bakuli. "Nimeshiba, mke wa mwanangu." Kashiba nini? Nguo zilikuwa zinamvaa yeye. Daktari alisema akiendelea hivyo atalazwa, na mama kaapa kwamba hospitali iliyomchukua mumewe haingii tena. Niliogopa sana. Nampenda yule mama, ingawa jikoni hatujawahi kuelewana hata juu ya chumvi.

Siku yake ya kuzaliwa, Msanii akatoka chumba cha mashine na kikombe cheusi tii. "Zawadi yako, mama." Hakina ua, hakina maandishi. Nikashusha pumzi, nikamimina supu ya moto.

Kumbe nilisahau vile vikombe. Vikiwa baridi ni vyeusi tu, ukitia cha moto weusi unatoweka na picha inajitokeza. Basi zikatoka nywele, zikatoka ndevu, zikatoka mbavu zote, na kitambaa kiunoni kisichotosha hata kufutia meza.

"Msanii!" nikapiga ukelele. "Mtu hali, wewe unamletea bingwa wa kutokula?"

Nikanyoosha mkono nikiondoe. Mama akanichapa mkono kama anafukuza inzi.

"Mwache!" Akavaa miwani. Akamtazama, midomo ikaanza kumcheza, nami nikajua sasa ni kilio. "Hebu mwoneni huyu mtu," akasema. "Maisha yangu yote nimezilisha mbavu hizi, na bado ziko nje!"

"Mama, huyo siye baba," mume wangu akasema kwa upole. "Ni mtawa wa..."

"Kwani mimi mtoto? Najua siye. Lakini mbavu ni zake." Akakigeuza kikombe. "Na shingo hii ya ukaidi ni yake. Ukimwekea nyama, anasema kesho. Ukimwekea maziwa, kesho. Haya mzee, kesho yenyewe ndiyo hii!"

Tulicheka sote watatu, machozi yakitutoka, na sijui ya nani yalikuwa ya kicheko. Mara mama akakisogeza kikombe karibu na miwani. Miguu ya mtawa ilikuwa imeanza kumezwa na weusi, kisha kiuno.

"Anakwenda wapi?"

"Supu imepoa, mama," nikamwambia. "Ukitia ya moto anarudi."

"Basi tia."

"Nitatia wapi? Kikombe kimejaa."

Akaniangalia juu ya miwani. Yule mama si mjinga, aliniona nilivyomtega. Akamwangalia mzee wake, kabaki ndevu na macho tu. Akainua kikombe akanywa. Akanywa mpaka kikombe kikabaki kitupu, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Tia."

Nikatia. Mzee akarudi, mbavu moja moja. Mama akamgonga kifuani kwa kucha. "Kaa hapo. Leo hutoki mezani mpaka tumalize."

Akapiga funda, kisha akanigeukia mimi. "Na supu yako haina chumvi."

Siku nyingine ningemjibu. Nilikwenda kuleta chumvi, ila nilisimama kwanza jikoni nikalia kidogo.