Pacha wa Uhuru

Kitendawili, wajukuu. Alizaliwa mara mbili, na mamake akaumwa na uchungu mara moja tu. Mtasema kuku: yai kwanza, kisha kifaranga. Mmekosa, nipeni mji. Mmenipa Kisumu? Nimeenda Kisumu nikala nikashiba. Jibu ni babu yenu Zadock.

Mwaka wa sitini na tatu alikuwa kijana wa kisiwa cha Mfangano, akivuka ziwa na mashua kuleta ngege wa kukaushwa sokoni Kosele. Mimi nilikuwa nauza viazi vitamu ng'ambo ya njia. Samaki wake walikuwa wadogo, maneno yake makubwa, nami nikapenda vyote. Tatizo lilikuwa baba yangu, Barnabas, ambaye hakutaka kusikia habari ya kisiwa.

"Binti yangu akilia huko, nitamsikiaje?" alimwuliza Zadock alipokuja kuposa. "Maji hayapitishi kilio."

"Hatalia, Jaduong'," Zadock akajibu, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima.

"Mtu wa viatu vya kuazima ananiahidi nini? Nenda nyumbani."

Akaenda. Lakini tarehe ya Uhuru ilipotangazwa redioni, alirudi mabega juu.

"Jaduong', unajua nilizaliwa lini? Tarehe kumi na mbili Desemba. Serikali imekaa, imepekua mwaka mzima, ikachagua siku yangu."

Baba akaacha kutafuna. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe pale sokoni, na alipenda mambo makubwa kama ng'ombe anavyopenda chumvi.

"Mungu hafanyi kazi ovyo," Zadock akaendelea. "Nchi na mimi ni mapacha. Ukininyima Filister, ni kama umeikataa bendera."

Mimi niko nyuma ya mlango, nimeuma leso nisicheke. Baba akafikiri sana. Mwisho akasema Zadock atakaa mbele siku hiyo, karibu na chifu, na bendera ikishapanda atapewa jibu lake mbele ya watu.

Siku ikafika. Zadock akaketi mbele na tai shingoni, uso umepakwa mafuta hadi nzi wanateleza. Bendera ikapanda. Baba akasimama, akawaambia watu kwamba kijana huyu na Kenya wamezaliwa siku moja. Vigelegele vikapigwa. Vilipotulia, mwanamke mfupi mwenye kapu la samaki kichwani akauliza, "Nani amezaliwa leo?"

Alikuwa Roseline, mama yake Zadock. Alikuwa amevuka ziwa asubuhi hiyo aje amwone mwanawe akiheshimiwa.

"Mwanao, mama," Baba akasema.

"Huyu? Huyu nilimzaa mtama ukiiva, niko juu ya dungu nafukuza ndege. Kombeo lilikuwa bado mkononi. Desemba ni siku aliyobatizwa. Tena alikuwa ameshaota meno, akamwuma katekista kidole."

Uwanja mzima ukacheka.

"Mama," Zadock akanong'ona, "si ungeniambia nyumbani?"

"Uliniuliza?"

Mambo hayakuishia hapo. Nicanor, mvuvi mwenzake, akainuka. "Kumbe! Hata mimi nimeandikiwa hiyohiyo. Tulibatizwa pamoja. Kiti changu kiko wapi?" Wangwe naye akainuka, na wengine nyuma yake, wote wa ubatizo ule mmoja, kila mtu pacha wa Uhuru, wakaanza kuvuta viti kwenda mbele. Chifu akasukumwa mpaka juani.

Baba hakucheka. Nami nilijua akisema hapana mbele ya watu wote wale, hataigeuza tena.

"Mama," akamwambia Roseline, "ulijua leo namjibu mwanao kuhusu binti yangu?"

"Nilijua. Unadhani samaki wote hawa nimembebea nani?"

"Na bado ukasema?"

"Sasa ningesemaje, Jaduong'? Siku hiyo juu ya dungu mimi nilikuwepo. Serikali haikuwepo."

Hapo ndipo Baba alipocheka, akacheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. "Nilikuwa naogopa kilio cha binti yangu hakitanifikia," akasema. "Kwa mama huyu kitanifikia, hata kama mkosaji ni mwanawe. Lete ng'ombe, kijana. Wapande mashua au waogelee, shauri yao."

Ndivyo nilivyoolewa Mfangano. Lakini msidhani babu yenu alikubali habari ya mtama. Kila sikukuu ya Uhuru alivaa tai, akaishukuru serikali kwa kumkumbuka.

Mama yenu Truphena alipozaliwa, mwaka wa sitini na tano, babu yenu alizunguka kisiwa akiuliza ni jambo gani kubwa limetokea nchini siku hiyo. Hakuna. Hata redio ilikuwa inapiga muziki tu. Jioni akarudi akihema, amefurahi.

"Filister, kiboko ameingia shamba la Momanyi. Amemaliza viazi vyote."

"Sasa hilo lina maana gani, baba Truphena?"

Akamwinamia mtoto, aliyekuwa ananyonya bila kupumua.

"Huyu," akasema, "atakula."